Usipoziba Ufa: Safari ya Kupona kwa Kiwiko Kilichovunjika katika Ajali ya Baiskeli ya Milimani

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii aghalabu hutolewa ili kumwonya mtu dhidi ya kupuuza kosa dogo ambalo baadaye huweza kuleta hasara kubwa. Hata hivyo, katika mwili wa binadamu kuna mahali ambapo maana yake ya juu inatimia barabara. Mahali hapo ni kiwiko cha mkono. Ufa mwembamba kama unywele, katika mfupa usiozidi ukubwa wa korosho, ukipuuzwa huweza kumnyima kijana uwezo wa kufungua mlango, kubeba ndoo na kushika kalamu bila maumivu kwa miaka mingi.

Tukio moja linalojulikana sana litasaidia kulidhihirisha jambo hili. Chris Froome, mwendesha baiskeli aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, alianza mchezo huo kwa baiskeli ya milimani huko Kikuyu chini ya ulezi wa David Kinjah. Aliiwakilisha Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 2006, kisha akahamia Uingereza kimichezo na kushinda mashindano ya Tour de France mwaka 2013. Alipokwenda kutetea taji hilo Julai 2014, alianguka katika siku ya nne ya mashindano na kuumia kiwiko cha kushoto. Picha za eksirei alizopigwa hazikuonyesha mvunjiko wowote. Siku iliyofuata, barabara zikiwa zimelowa mvua, alianguka tena mara mbili na kulazimika kujiondoa. Vipimo vya MRI vilivyofanywa baadaye vilibainisha kwamba mifupa ilikuwa imevunjika katika kiwiko cha kushoto na katika mkono wa kulia. Ikiwa bingwa aliyezungukwa na madaktari wa timu aliweza kuondoka hospitalini akiambiwa kwamba hakuna mvunjiko, sembuse mwanafunzi aliyeanguka kwenye kijia cha Ngong siku ya Jumamosi na ambaye Jumatatu ana mtihani?

Makala haya yananuia kufafanua namna kiwiko kinavyoumia katika ajali ya baiskeli ya milimani, namna kinavyotibiwa na namna kinavyopona. Hoja kuu ni kwamba kupona kwa mfupa na kupona kwa mkono ni mambo mawili tofauti, na kila moja lina muda wake. Anayeyachanganya mambo hayo ama huutumikisha mfupa kabla haujaunga, ama huuachilia mkono ukakakamaa ilhali mfupa ulikwisha kuunga.

Kiwiko ni wapi?

Kabla ya kuendelea, ni muhimu istilahi ibainishwe. Neno kiwiko lina utata katika matumizi. Kwa baadhi ya wazungumzaji wa Kiswahili, kiwiko ni pale panapovaliwa saa au bangili, yaani kiungo kati ya kiganja na kigasha. Kwa wengine, kiwiko ni pale mkono unapokunjika katikati, mahali ambapo pia huitwa kisugudi, kivi au kisukusuku. Utata huu si wa darasani tu. Mgonjwa aliyefungwa plasta huelekezwa akunje na kunyoosha kisugudi chake kila siku ili kisikakamae, na wakati huohuo asijaribu kukisogeza kiungo kilichovunjika. Akiambiwa tu kwamba “kiwiko kifanyishwe mazoezi”, huenda akatenda kinyume kabisa cha alichokusudia mhudumu. Katika makala haya, kiwiko ni kiungo kati ya kiganja na kigasha, na kisugudi ni kile cha katikati ya mkono.

Kiwiko hakikuundwa kwa mfupa mmoja. Kina mifupa midogo minane iliyojipanga katika safu mbili za mifupa minne minne. Wataalamu wa kale wa anatomia waliipa majina ya Kilatini na Kiyunani kwa kuangalia maumbo yake, sawa na namna Mswahili anavyokiita kitu kwa kile kinachofanana nacho. Upo mfupa wa mashua, ambao ndio skafoidi. Upo wa mwezi mwandamo, upo wa pembe tatu na upo wa njegere. Katika safu ya pili umo wa kichwa, umo wa kulabu, na imo miwili ambayo majina yake yanatokana na neno la Kiyunani lenye maana ya meza. Mifupa hii imeunganishwa kwa kano nyingi, na mwisho wake umefunikwa kwa gegedu ili iteleze bila kusuguana.

Safu ya kwanza inaegemea mifupa miwili mirefu ya kigasha. Ule ulio upande wa kidole gumba huitwa radiasi, neno ambalo katika Kilatini lina maana ya spoki ya gurudumu. Huo ndio unaobeba sehemu kubwa ya uzito unaopita kiwikoni. Kwa sababu hiyo, ndio pia unaovunjika mara nyingi mtu anapoanguka.

Namna kiwiko kinavyovunjika

Baiskeli ya milimani huendeshwa kwenye vijia vyenye mawe, mizizi na mifereji iliyochimbwa na mvua. Nchini Kenya, waendeshaji huonekana katika milima ya Ngong, katika msitu wa Karura na katika mbuga ya Hell’s Gate karibu na Naivasha, ambamo wageni huruhusiwa kuendesha baiskeli kati ya wanyama. Ajali ya kawaida hutokea wakati wa kuteremka. Gurudumu la mbele hukwama kwenye jiwe au mfereji, baiskeli husimama ghafula, na mwendeshaji hurushwa juu ya usukani. Katika sekunde hiyo moja, mwili hutenda kwa silika, nayo mikono hunyooshwa mbele ili kuukinga uso. Kiganja hutua ardhini kikiwa kimekunjwa kuelekea nyuma, na uzito wote wa mwili hupita humo.

Nguvu hiyo huweza kuleta madhara ya aina mbili kuu. Kwanza, mwisho wa radiasi huweza kuvunjika na kusukumwa nyuma. Aina hii ya mvunjiko ilielezwa mwaka 1814 na Abraham Colles, daktari wa upasuaji wa Dublin, miaka 81 kabla ya Wilhelm Röntgen kugundua miale ya eksirei. Colles alitegemea macho na vidole vyake tu, kwani mvunjiko huo hubadilisha umbo la mkono waziwazi: ukitazamwa kwa ubavuni, mkono huonekana umepinda kama uma wa kulia chakula. Jeraha la namna hii ni vigumu kulipuuza.

Pili, skafoidi huweza kupasuka. Huu ndio unaovunjika zaidi kati ya mifupa minane ya kiwiko, na huwapata hasa vijana. Tofauti na radiasi, skafoidi haipindi mkono. Uvimbe huweza kuwa mdogo, vidole hucheza, na maumivu hupungua baada ya siku chache. Mgonjwa husema ameteguka tu. Hapo ndipo hatari ilipo.

Ufa usioonekana

Mtu akikinyoosha kidole gumba kwa nguvu kuelekea juu, chini ya kidole hicho, upande wa nyuma wa kiwiko, hutokea kishimo kidogo kati ya kano mbili. Madaktari hukiita kishimo cha ugoro, kwa kuwa wavutaji ugoro wa Ulaya walizoea kuumimina humo kabla ya kuunusa. Chini ya kishimo hicho ndipo skafoidi ilipolala. Mtu aliyeangukia kiganja na anayehisi maumivu kishimo hicho kinapobonyezwa anapaswa kuchukuliwa kuwa amevunjika hadi ithibitishwe vinginevyo, hata kama picha ya kwanza haionyeshi kitu. Ufa mpya huweza kuwa mwembamba mno kiasi cha kutoonekana kwa eksirei. Ndiyo maana desturi ya kitabibu ni kumfunga mgonjwa kifaa cha kukituliza kiwiko, kisha kumpiga picha tena baada ya siku 10 hadi 14. Mahali penye uwezo, hutumiwa kipimo cha MRI au CT, ambacho hutoa jibu mapema.

Kwa nini mfupa mdogo hivi unahitaji tahadhari kubwa hivi? Jibu limo katika njia ya damu. Sehemu kubwa ya mishipa inayoilisha skafoidi huingilia upande ulio karibu na vidole, kisha damu hurudi nyuma kuelekea upande wa kigasha. Ufa ukikata katikati, kipande cha nyuma huwa kama shamba lililo mwisho wa mfereji uliobomoka, yaani maji hayalifikii. Kipande hicho huweza kukosa kuunga na hata kufa. Fauka ya hayo, skafoidi inaunganisha safu mbili za kiwiko. Isipounga, mpangilio wa mifupa mingine huharibika polepole, gegedu husagika, na baada ya miaka kadhaa kiwiko huingiwa na baridi yabisi. Ukuta huo hujengwa upya kwa upasuaji mgumu wa kupandikiza kipande cha mfupa kilichochukuliwa kwingine mwilini, nao hauhakikishi kwamba hali ya awali itarejea.

Saa na siku za kwanza

Mara baada ya kuanguka, jambo la kwanza ni kutojaribu kuunyoosha mkono uliopinda. Pete, saa na bangili zivuliwe upesi kabla vidole havijavimba. Mkono utulizwe kwa kipande cha katoni au gazeti lililokunjwa mara kadhaa, kisha uninginizwe shingoni kwa leso. Iwapo mfupa umetoboa ngozi, au vidole vimekuwa baridi, vimebadilika rangi au vimekufa ganzi, majeruhi afikishwe hospitalini bila kuchelewa.

Katika jamii nyingi za Kenya, wapo waganga wa kienyeji wa mifupa. Vijiti wanavyofungia hufuata kanuni ileile inayofuatwa na plasta, yaani kukizuia kiungo kisisogee. Hata hivyo, mambo mawili ni ya kuepukwa. Kuukanda mfupa uliovunjika huvisogeza vipande vilivyoanza kushikana. Kuufunga mkono kwa kuukaza sana huzuia damu, na mkono huweza kuoza. Onyo hili linahusu plasta ya hospitalini vilevile: maumivu yanayozidi kila saa chini ya plasta, yasiyotulizwa na dawa, ni ishara ya kurudi kwa daktari usiku huohuo wala si kesho.

Namna mfupa unavyojiunga

Mfupa hauungwi na daktari. Kazi ya daktari ni kuvipanga vipande na kuvishikilia; mwili wenyewe ndio fundi. Katika siku za mwanzo, damu huganda penye ufa na seli huanza kusafisha mabaki. Baada ya wiki kama mbili, hutokea kiunganishi laini cha nyuzinyuzi na gegedu. Katika wiki zinazofuata, madini ya kalisi hujengeka humo hadi kiunganishi kikawa kigumu. Mwishowe, kwa miezi mingi, mfupa hujichonga upya kulingana na mzigo unaoubeba. Kanuni hii ya mwisho ilifafanuliwa na Julius Wolff, daktari wa upasuaji wa Ujerumani, mwaka 1892.

Kwa kawaida radiasi hushikana vya kutosha katika muda wa wiki 6 hivi. Skafoidi huchukua wiki 8 hadi 12, na hata zaidi iwapo ufa uko upande ule unaokosa damu. Uvutaji wa sigara huchelewesha uungaji, kwa kuwa hupunguza damu inayofika kwenye ufa. Lishe yenye protini na kalisi ya kutosha, mathalani maziwa, omena, maharagwe na mboga za majani, humpa fundi vifaa vyake.

Plasta au upasuaji?

Mgonjwa wengi hudhani kwamba upasuaji ndio tiba bora na plasta ni ya asiye na fedha. Dhana hii haina msingi. Vipande vikiwa vimeachana au vimepinda, upasuaji huhitajika ili virudishwe na kushikiliwa kwa bamba la chuma, kama ilivyo kwa radiasi, au kwa parafujo ndogo inayozama ndani ya mfupa, kama ilivyo kwa skafoidi. Lakini kama skafoidi imepasuka katikati bila vipande kuachana sana, utafiti uliochapishwa mwaka 2020, uliowahusisha watu wazima 439 katika hospitali 31 za Uingereza na Wales, ulionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja hali ya waliofungwa plasta ilikaribiana na ya waliopasuliwa. Sharti lake ni kwamba aliyefungwa plasta afuatiliwe kwa makini, na mfupa ukithibitika kwamba haujaunga, apasuliwe mapema. Kwa hivyo, kukosa kurudi kliniki kwa sababu maumivu yameisha ni kuivunja sehemu muhimu ya tiba yenyewe.

Baada ya plasta

Siku ya kukatwa plasta aghalabu husubiriwa kama sikukuu, lakini huja na mshangao. Mkono unaotokea ni mwembamba, ngozi yake ni kavu na yenye magamba, na kiwiko hakikunjiki. Mgonjwa hudhani tiba imeshindwa. Ukweli ni kwamba mfupa umepona, ila mkono ndio kwanza unaanza kupona. Misuli isiyotumika hunywea, na kano zisizonyooshwa hufupika.

Kwa sababu hiyo, kazi ya kuuokoa mkono huanza mapema, mkono ukiwa bado ndani ya plasta. Katika siku za kwanza mkono huinuliwa juu ya usawa wa moyo ili uvimbe ushuke. Vidole hukunjwa hadi ngumi na kunyooshwa mara nyingi kwa siku, na bega na kisugudi husogezwa. Plasta ikishatolewa, na daktari akisharidhika na picha, mtaalamu wa mazoezi ya viungo humwongoza mgonjwa hatua kwa hatua. Kwanza ni mwendo bila uzito: kukikunja kiwiko mbele na nyuma, kukipeleka upande huu na ule, na kukigeuza kiganja juu kama cha aombaye dua kisha chini. Maji ya vuguvugu huurahisisha mwendo huo. Halafu hufuata nguvu: kuminya mpira laini, kukamua taulo, kuinua chupa ya maji. Mwisho kabisa ni kuuegemea mkono, kwanza ukutani, kisha mezani, kisha sakafuni.

Uvutano mdogo unaoachilia baada ya mazoezi ni wa kawaida. Yapo lakini maumivu ya kuripotiwa: ganzi inayodumu katika kidole gumba, cha shahada na cha kati, kidole gumba kinachoshindwa ghafula kunyooka, dalili kwamba kano yake imekatika, au maumivu makali yasiyolingana na jeraha, yanayoandamana na uvimbe, jasho na mabadiliko ya rangi ya ngozi. Haya yakishughulikiwa mapema huweza kudhibitiwa.

Kwa mwanafunzi, kipindi hiki kina mtihani wake wa ziada. Aliyeumia mkono anaoandikia huenda akashindwa kuandika insha ya saa mbili hata baada ya plasta kutolewa. Ni busara aijulishe idara yake mapema, akiwa na barua ya daktari, ili mpango wa mwandishi msaidizi au wa kuahirisha mtihani ufanywe kabla ya siku yenyewe.

Kurudi kwenye baiskeli

Froome alirudi mashindanoni tarehe 23 Agosti 2014, siku 45 baada ya kujiondoa, na kumaliza wa pili katika Vuelta a España. Mfano huu unatia moyo, lakini haufai kuwa kipimo cha kila mtu. Mbio zile ni za barabara ya lami, si za mawe. Na muda wa kupona hutegemea ni mfupa upi uliovunjika na umevunjika vipi.

Kijia cha milimani hukiadhibu kiwiko kwa namna mbili: mtikisiko usiokoma na kufunga breki kwa ghafula. Kwa hivyo, anayetaka kurudi ajipime kwa mambo matatu. Je, picha zimethibitisha kwamba mfupa umeunga? Je, anaweza kuuegemeza uzito wa mwili kwenye kiganja bila maumivu? Je, nguvu za mkono huo katika kushika zimekaribiana na za ule mzima? Jibu likiwa ndiyo kwa yote matatu, aanze na baiskeli isiyosogea, aende kwenye barabara tambarare, na mteremko wenye mawe uwe wa mwisho.

Lipo pia jeraha lisiloonekana kwa kipimo chochote, nalo ni woga. Aumwaye na nyoka akiona unyasi hushtuka. Anayeteremka kwa hofu hukaza mikono na kuvuta breki ya mbele kwa nguvu, jambo ambalo laweza kumwangusha tena. Kurudi polepole kwenye vijia rahisi, pamoja na wenzake, humjengea imani upya.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba kiwiko ni kiungo chenye mifupa midogo na muda mrefu wa kupona. Eksirei ya kwanza isiyoonyesha kitu si cheti cha uzima, maumivu kupungua si kuunga kwa mfupa, na kukatwa kwa plasta si mwisho wa tiba. Aliyeangukia kiganja na anayeumwa penye kishimo cha ugoro arudi hospitalini kupigwa picha ya pili, hata kama anaona aibu kuonekana mdekaji.

Aidha, suala la neno kiwiko linawahusu moja kwa moja wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili. Mgonjwa hupona kwa kufuata maelekezo, na maelekezo hutolewa kwa maneno. Hadi istilahi ya viungo itakaposawazishwa katika vitabu vya shule, katika kamusi na katika vyumba vya wagonjwa, mhudumu anayetamka neno hilo hana budi kuonyesha kwa kidole mahali anapokusudia.